Kabla ya kuwa raia, kwanza uwe kabila: kitambulisho cha Kenya na sisi Wapemba wa Vanga

#1 BintiKojani

Salaam kwenu nyote. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie, maana jambo hili nimelibeba tangu usichana.

Nilipotimiza miaka 18, mwaka 2005, baba alinipeleka kuomba kitambulisho. Karani aliuliza jina, nikajibu. Tarehe ya kuzaliwa, nikajibu. Kijiji, nikajibu. Akafika kwenye nafasi ya kabila, nikasema Mpemba. Akaweka kalamu mezani. Akasema Mpemba si kabila la Kenya, nichague: Mdigo, Mduruma, Mgiriama, ama nikalete mtu wa kunithibitisha. Baba akasema, "Huyu ni Mpemba, mimi ni Mpemba, na mzee wangu alikuwa Mpemba." Karani akamtazama, akamuuliza, "Mzee wako amezikwa wapi?"

Baba hakujibu. Babu alitoka na jarife, wavu wa samaki wakubwa, usiku mmoja wa kusi na hakurudi. Ngalawa ilionekana upande wa Jimbo imepinduka, yeye hakuonekana. Hana kaburi. Tulirudi nyumbani vidole vyangu havijaguswa na wino.

Kitambulisho nilikipata nikiwa na miaka 36. Baba alikuwa amekwisha kufa.

Sasa nieleze babu alifikaje Vanga, kijiji chetu cha pwani ya Kwale karibu na mpaka wa Tanzania, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Wavuvi wa Pemba, hasa wa Kojani, walikuwa na desturi ya kwenda dago: msimu ukibadilika wanafuata samaki, wanapiga kambi ufukweni, wanavua, wanakausha, wanauza, wanarudi. Wengine hawakurudi. Walioa, wakajenga. Kutoka Pemba hadi Shimoni ni safari ya usiku mmoja ukipata upepo. Na kumbukeni, zama hizo pwani yote hii, maili kumi kutoka baharini, ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Mwingereza aliitawala kwa mkataba tangu 1895, lakini bendera ya Sultani ilipepea Mombasa mpaka mwisho. Makubaliano ya kuuacha ukanda huo uwe Kenya yalifanywa Oktoba 1963, kati ya Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar. Miezi miwili baadaye ikaja Desemba 12, siku ya uhuru wa Kenya.

Kwa hiyo babu alipotia nanga Vanga hakuwa amehama nchi. Alitoka bandari moja ya Sultani akaingia nyingine. Mpaka ulimkuta amelala kwake.

Katiba ya uhuru ilisema hivi: uliyezaliwa Kenya, na mzazi wako mmoja naye amezaliwa Kenya, wewe ni raia moja kwa moja. Wengine walipewa miaka miwili ya kuomba. Ni mvuvi gani asiyesoma, aliyeko baharini siku ishirini kwa mwezi, angejua kuna tarehe inampita? Baba alizaliwa Vanga, lakini wazazi wake wote wawili walizaliwa Pemba. Akaangukia nje kwa kizazi kimoja tu.

Wale ambao hawajawahi kukosa kitambulisho hawajui maisha yake yalivyo. Mimi ni mama karanga, nanunua samaki pwani nakaanga nauza. Huwezi kusajili laini ya simu, kwa hiyo pesa za simu unaziweka kwenye laini ya jirani. Jirani yangu alipohama bila kuaga, alihama na akiba yangu ya miezi saba. Ningeshtaki wapi? Kituo cha polisi mlangoni unaulizwa kitambulisho. Mume wangu hakuweza kupata leseni ya uvuvi kwa jina lake, kila boti ya doria ikitokea anageuza ngalawa. Mtoto hana cheti cha kuzaliwa kwa sababu mama hana namba. Kupiga kura sikutaji hata, hiyo kwetu ilikuwa siku ya kukaa ndani.

Kilichonisukuma kuandika ni hiki. Mwaka 2016 Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, walitoka kwa miguu kwenda Nairobi kuonana na Rais Uhuru Kenyatta. Waliingia Ikulu Oktoba ile. Aliamuru wapewe vitambulisho kabla ya Desemba kwisha, na zaidi ya watu 1,000 wakapata. Nililia kwa furaha siku hiyo. Kisha likafuata tangazo kwamba Wamakonde sasa ni kabila la 43 la Kenya, juu ya yale 42 yaliyozoeleka kutajwa, na watu wote wakashangilia hilo la 43 kuliko vitambulisho vyenyewe. Ikawa ndiyo njia. Nasi Wapemba tukaambiwa na kila kiongozi, "Ombeni muwe kabila." Tuliomba. Januari 2023 Rais Ruto alitutambua kuwa jamii ya Kenya, na Julai mwaka ule vyeti vya uraia vikaanza kutolewa.

Nashukuru, na shukrani yangu ni ya kweli. Lakini swali halijaniacha: kwa nini ilibidi niwe kabila kwanza ndipo niwe raia? Katiba ya 2010 nimesomewa na wasaidizi wa kisheria, sura yote ya uraia. Haina orodha ya makabila. Hakuna 42 wala 43 mle. Ibara ya 14 inataja baba na mama. Ibara ya 12 inasema kila raia ana haki ya pasipoti na hati za utambulisho. Kabila limeingilia mlango gani?

#2 Karani_Mstaafu

Dada, pole kwa yaliyokukuta, na kwa hilo la kaburi nakuomba radhi kwa niaba ya kazi ile, ingawa mimi sikuwa Kwale.

Nilikaa kwenye meza hiyo miaka 22. Nitakujibu swali lako la mwisho kwa sababu nalijua. Kabila limeingilia kwenye Sheria ya Usajili wa Watu, sura ya 107, ile iliyotungwa na wakoloni 1947 kuchukua nafasi ya kipande, ile hati ya kazi ambayo Mwafrika alilazimishwa kutembea nayo. Inaorodhesha mambo ambayo msajili atayaandika: jina, jinsia, tarehe na mahali pa kuzaliwa, kazi, makazi, alama za vidole. Na kati yake kuna kabila au rangi. Lakini soma neno lililotangulia. Sheria haisemi kabila "lililothibitishwa". Inasema kabila ambalo mtu amelitaja mwenyewe. Yaani ukisema Mpemba, kazi yangu kisheria ni kuandika Mpemba.

Hatukufanya hivyo. Tulipewa maagizo ya ndani, tukapewa kamati za wazee na chifu, na kamati zikauliza maswali ambayo hayamo katika sheria yoyote: kitambulisho cha babu, hati ya shamba, kaburi. Mtu wa Nyeri au Kisii aliingia na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi, akatoka. Mtu wa Vanga, Garissa, Busia au Kibra alirudishwa mara nne.

Ila nikuombe nawe uone upande wetu. Lungalunga ni mpaka. Kila msimu wanakuja wavuvi wageni kabisa, na madalali wanawaleta ofisini na hela mkononi. Nimewahi kumkamata mtu mmoja amekuja mara tatu kwa majina matatu. Serikali isiyojua nani ni nani haiwezi kupanga hata chanjo. Kuuliza ni lazima. Tulichokosea ni tulichouliza, na tuliowauliza.

#3 Mkibra_Halisi

Naomba niseme kutoka Kibra, Nairobi.

Babu wa babu yangu aliletwa na Waingereza kama askari. Sisi Wanubi, wenye asili ya Sudan, ndio tuliokuwa askari wa King's African Rifles, jeshi la Mwingereza huku Afrika Mashariki, na tulipewa Kibra tukae, eneo lililotangazwa rasmi 1918, zaidi ya ekari 4,000. Tulipigana vita mbili vya dunia kwa serikali hiyo. Ikaondoka, ikatuacha, na serikali iliyofuata ikatuuliza sisi ni nani.

Nilipokwenda kuomba kitambulisho, kamati ya vetingi, yaani ya kumhoji na kumhakiki mwombaji, ilikuwa na wazee watatu. Mmoja alikuwa jirani yetu, kaja kwetu harusini, kala kwetu Idi. Akaniuliza jina langu kana kwamba hajawahi kuniona. Hiyo ndiyo ninayoikumbuka kuliko kusubiri. Unakuta mtu aliyekubeba mgongoni anageuka kuwa ukuta kwa dakika kumi, kisha mnatoka nje anakuuliza mama hajambo.

Kesi yetu ya watoto ilifika kwenye kamati ya Afrika ya haki za mtoto, uamuzi ukatoka 2011, na ukasema wazi kuwa Kenya inawavunjia haki watoto wa Kinubi kwa kuwaacha bila uhakika wa uraia. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo ikaamua upande wetu 2015. Ardhi tulipewa hati 2017, ekari 288. Hesabu mwenyewe kutoka 4,000.

Karani, sikupingi kuhusu madalali. Lakini madalali hawasumbuliwi na vetingi. Wana hela. Anayesumbuliwa ni maskini mkweli.

#4 Nyika_Garissa

Mkibra kasema kweli tupu. Kwetu kuna kitu cha ajabu zaidi. Ukame ulipobana, mwanzoni mwa miaka ya tisini na tena 2011, familia za Wakenya zilijiandikisha kwenye kambi ya wakimbizi ya Dadaab ili watoto wapate unga na dawa. Watoto wa miaka mitano, sita, wakachukuliwa alama za vidole. Wamekua, wana miaka 18, wanakwenda kuomba kitambulisho, mashine inasema wewe ni mkimbizi. Mama yake ana kitambulisho cha Kenya, baba anacho, ndugu zake wanacho. Yeye kidole chake kilimshuhudia vibaya akiwa mtoto mwenye njaa.

Na kabla ya hapo kulikuwa na usaili wa 1989, Wasomali wote wa Kenya wakaambiwa wajithibitishe tena, wakapewa kadi ya pili ya rangi ya waridi ya kutembea nayo. Baba yangu alikuwa mwalimu wa serikali. Alifundisha wimbo wa taifa asubuhi, jioni akapanga foleni ya kuthibitisha kwamba taifa ni lake.

Februari 2025 Rais Ruto alisaini tangazo Wajir la kuondoa vetingi. Nimefurahi. Lakini tangazo ni karatasi ya rais, sheria ya 107 bado ipo na nafasi ya kabila bado ipo kwenye fomu. Rais mwingine akija?

#5 Ndugu_wa_Ulyankulu

Wakuu, mimi niko Tanzania, mkoa wa Tabora. Nimesoma kwa makini na nina la kuongeza, si la kujisifu.

Kwetu fomu ya sensa iliuliza kabila mara ya mwisho 1967. Machifu wa serikali walikuwa wamekwisha kuondolewa 1963. Tulilelewa kuitana ndugu, na shuleni ukimuuliza mwenzako kabila mwalimu anakukemea. Kwa hiyo swali lako la kwanza, BintiKojani, kwetu lisingeulizwa namna hiyo. Ungeambiwa taja mjumbe wako wa nyumba kumi na mwenyekiti wa kijiji.

Lakini msidhani mlango unakuwa wazi. Mimi wazazi wangu ni Warundi waliokimbia mauaji ya kwao ya 1972. Nimezaliwa hapa Ulyankulu, nimesoma hapa, Kirundi changu ni cha kubabaisha. Tulipewa uraia, sisi watu wapatao 162,000, vyeti vikatoka 2014. Miaka kadhaa kabla ya hapo tuliambiwa tumekubaliwa ila sharti tuhame makazi yetu tutawanywe mikoani, ndipo tupewe vyeti. Fikiria: unakuwa Mtanzania kwa kuacha kijiji pekee cha Tanzania unachokijua. Sharti hilo baadaye liliondolewa. Lakini miaka ile ya kusubiri hatukupanda miembe. Nani apande mwembe kwenye kiwanja atakachohamishwa?

Na watu wa Kigoma na Kagera ambao hawajawahi kuwa wakimbizi wataniunga mkono: ukiomba namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, na jina lako linafanana na la ng'ambo, maswali yanazidi. Laini za simu zilipofungwa Januari 2020 kwa wasiosajili kwa alama za vidole, kijijini kwetu tulirudi kutuma ujumbe kwa dereva wa basi.

Kwa hiyo naona hivi. Kenya ilimuuliza mtu kabila, Tanzania ikamuuliza kijiji. Kote mtu mmoja peke yake hatoshi. Lazima awepo mwingine wa kusema huyu ni wetu.

#6 BintiKojani

Nimesoma yote, nawashukuru kwa kweli. Karani, umenijibu swali nililolibeba miaka karibu ishirini. Neno moja lilikuwa linanitetea na hakuna aliyenisomea.

Kuhusu madalali: nakubali serikali iulize. Iulize nilizaliwa wapi, nani alikuwa mkunga, nilisoma shule gani, nani ananijua. Hayo yana majibu. Mkunga wangu alikuwa hai 2005, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Hakuna aliyemwita.

Ndugu wa Ulyankulu, umesema kitu ambacho nimekifikiria usiku kucha. Ni kweli mtu hathibitiki peke yake. Sisi wenyewe tunasema mtu ni watu. Mtoto akizaliwa kwetu anaadhiniwa sikioni mbele ya wazee, na jina lake linasimama kwa sababu walilisikia. Sioni ubaya wa kushuhudiwa. Lakini shahidi wa kwetu anashuhudia anachokijua: huyu nimemwona akizaliwa, huyu nimemfundisha alifu. Kamati inashuhudia kitu kingine, kwamba huyu ni wa aina yetu au si wa aina yetu. La kwanza linamtazama mtu usoni. La pili linatazama namba ya kabila.

Kuna jambo jingine lililomo katika Katiba, na wasaidizi wa kisheria walipolisoma nilinyanyuka nikawaomba walirudie. Ibara ya 14, kifungu cha 4: mtoto aliyeokotwa Kenya, anayeonekana hajafika miaka minane, uraia wake haujulikani wala wazazi wake hawajulikani, huyo anachukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa. Hana baba, hana kabila, hana kaburi la babu. Katiba inamfungulia. Basi mimi mwenye baba aliyesimama kando yangu nilikosa nini?

Na tazameni wenzetu Washona wa Kiambaa. Walikuja miaka ya sitini kutoka Zimbabwe ya leo, watu wa dini, mafundi wa mbao. Walikaa miaka sitini bila nchi. Desemba 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza Washona 1,670 wapewe uraia, pamoja na watu 1,300 wenye asili ya Rwanda. Kulikuwa na sheria tayari, ya 2011, iliyosema asiye na nchi aliyekaa Kenya tangu Desemba 12, 1963 anaweza kusajiliwa. Ilikuwa na muda wake wa miaka mitano, ukaongezwa mitatu, ukaisha 2019. Wangapi kijijini kwetu walijua? Siku nilipoisikia mara ya kwanza ilikuwa imebakiza miezi minne. Sheria ya kuwaokoa wasio na karatasi ilidai karatasi, nauli ya kwenda mjini, na mtu wa kukusomea.

Nikisema nafasi ya kabila ifutwe kwenye fomu, simaanishi nauonea haya Upemba wangu. La hasha. Napika boko-boko, nasema "kwani we mwana u wapi" kama bibi, na mwanangu wa kwanza nimemwita jina la babu aliyepotea. Huo Upemba haukutoka serikalini na serikali haikuwa na haja ya kuutangaza. Ilikuwa na haja ya kunipa namba.

#7 Nyika_Garissa

Dada, nina swali moja. Kuna watu wengi kwetu waliopata vitambulisho kwa kuazima baba, unajua ninavyosema. Kwenu ipo hiyo? Na wanafanyaje sasa?

#8 BintiKojani

Ipo, na sana. Nitakupa ya shangazi yangu, jina silitaji.

Mwaka 1994 jirani yetu Mdigo, Mungu amrehemu, alimwonea huruma akampeleka ofisini akasema huyu ni binti yangu. Shangazi akapata kitambulisho kwa jina la kwanza lake na jina la baba la jirani. Kwa kitambulisho hicho alifungua akaunti, akanunua kiwanja, akasomesha watoto wanne. Vyeti vya watoto vimeandika babu ambaye si babu yao. Jirani alipofariki, wanawe walimwita shangazi kwenye mirathi, kwa wema kabisa, wakamuuliza kama anadai fungu, kwa sababu kwenye karatasi ni dada yao. Alilia mpaka wakamshika. Hakutaka fungu. Alitaka kuwaambia watu waliokusanyika kwamba yeye ni binti wa mvuvi wa Kojani, na hakuweza, kwa sababu kusema hivyo mbele ya chifu ni kukiri kwamba alidanganya serikali, na hilo ni kosa la jinai katika sheria ileile ya 107.

Nimekwenda naye hospitali mwaka jana. Muuguzi aliita jina la kwenye kadi mara tatu. Shangazi amekaa ananitazama. Mara ya tatu ndipo nikamgusa bega, "Shangazi, ni wewe." Miaka thelathini na bado halimwingii sikioni.

Baada ya 2023 tulimuuliza mwanasheria kama anaweza kurudisha jina. Akasema jina linabadilishwa kwa hati ya kubadili jina (deed poll) na kutangazwa kwenye Gazeti Rasmi, hilo jepesi. Ugumu ni kueleza kwa nini baba anabadilika, na kisha kiwanja, akaunti na vyeti vya watoto wanne vyote vifuate. Hakuna msamaha uliotangazwa kwa walioazima. Karani, kama unaufahamu, tafadhali niandikie.

Shangazi ana miaka 67. Amechora kwa mkaa jina la babu nyuma ya mlango wa chumba chake, herufi kubwa, na kila mwaka tukipaka chokaa anatuambia tuzunguke pale.

#9 Karani_Mstaafu

Msamaha siufahamu. Ila nipe siku mbili, kuna wenzangu wawili niliofanya nao kazi makao makuu. Aandike hadithi yake yote kwa mkono wake, kuanzia babu, na mkunga kama yu hai aweke dole. Asipeleke popote bado. Akae nayo.

#10 BintiKojani

Mkunga yu hai. Nakwenda kwake kesho alfajiri kabla samaki hawajaingia.